Shule Zikifungwa Desemba, Mama Bado Yuko Kazini

(Haya ni maneno yaliyosemwa na kikundi cha akina mama wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam mbele ya kamati za parokia na wageni wafadhili.)



Tuliombwa tuzungumze juu ya maisha ya mama na mtoto. Tulipokaa kujiandaa tukaona kwamba tukitaka kuyasema maisha yote hatutamaliza, na ninyi mmetoka kula, mtasinzia. Kwa hiyo tumechagua kipande kimoja tu cha mwaka: wiki tano hivi kuanzia mwanzoni mwa Desemba, shule zinapofungwa, mpaka zinapofunguliwa Januari.

Wageni wetu wa Ulaya watatuelewa upesi. Kwao likizo ndefu ya watoto huwa katika miezi ya joto, Julai na Agosti, na Ujerumani hufikia wiki sita. Kwetu sisi wa pwani joto ni la Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, na likizo ndefu inaangukia humo humo. Nyumba ni za bati. Ikifika saa sita mchana, ndani hapakaliki. Watoto wanatoka nje, na huko nje kuna barabara, visima visivyofunikwa, mashimo ya maji taka, na miembe iliyojaa maembe. Muulizeni muuguzi yeyote ni mikono mingapi ya watoto inafungwa plasta msimu wa maembe.

Tuwaeleze siku ya mwenzetu mmoja anayekaanga samaki. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri yuko njiani kwenda Feri, maana mnada haumsubiri mtu, na samaki mzuri hununuliwa na aliyewahi. Siku za shule mambo yana mpangilio wake: wakubwa wawili wanavaa sare na kuondoka, wa tatu anapelekwa chekechea na jirani, na mdogo wa mwaka mmoja anakwenda Feri mgongoni mwa mama. Desemba wote wanne wako nyumbani. Saa tatu asubuhi mama anarudi na ndoo ya samaki, na kwa joto lile samaki hawezi kungoja. Hana friji, na barafu akinunua nyingi inakula faida. Lazima awaparue, awatoe matumbo, awatie chumvi na kuwakaanga kabla mchana haujakaza. Karai la mafuta ya moto liko juu ya mkaa, katika uwanja mmoja ambao wapangaji wengine nao wanaufulia na kuupikia. Watoto wanne wanazunguka. Mkono mmoja unageuza samaki, mwingine unamsukuma mtoto asisogee. Saa kumi jioni anajitwisha beseni kwenda kwenye meza yake barabarani, na anarudi saa tatu usiku. Wadogo wamekwisha lala, wengine bila kuoga.

Huyo ana bahati kwamba kwa saa kadhaa kazi yake iko nyumbani. Kati yetu yuko muuguzi wa zamu za usiku, ambaye hurudi saa mbili asubuhi na kujaribu kulala katika nyumba yenye joto na watoto watatu walioamka. Anasema analala jicho moja, na jioni anakwenda kuwapima watu dawa akiwa hivyo. Yuko wa kiwanda cha nguo. Yeye ana sheria inayomlinda: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini anaruhusiwa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Inampa pia siku 28 za likizo ya mwaka. Lakini mwajiri ndiye mwenye ratiba, na Desemba ndiyo miezi ya oda kubwa, hivyo likizo yake huangukia Machi, watoto wakiwa darasani. Sisi wengine, wa samaki, wa maandazi, wa kusuka nywele na wa kufua nguo za watu, hatuna mwajiri wa kumwomba lolote.

Watu hutuuliza: kwa nini msipumzike hizo wiki chache mkae na watoto? Tunaomba mlisikilize vizuri jibu lake. Desemba ndiyo mavuno yetu. Msusi hupata katika wiki mbili kabla ya Krismasi fedha asizozipata katika miezi miwili ya katikati ya mwaka. Fedha hiyo hiyo ndiyo inayonunua sare, viatu na madaftari ya Januari. Ada katika shule za serikali ilifutwa, na tangu Januari 2016 hailipwi mpaka kidato cha nne, nasi tunashukuru. Ila mtoto haendi shuleni bila nguo. Mama akifunga kazi Desemba, Januari mtoto wake atakaa nyumbani. Kwa hiyo ile saa ambayo mtoto anamhitaji mama zaidi, ndiyo saa ambayo mama anamfanyia kazi huyo huyo mtoto.

Zamani kulikuwa na bibi. Wengine bado wanaye, na ndugu zetu Wachagga wana Desemba yao, inajulikana: ukienda kituo cha mabasi cha Mbezi wiki ya Krismasi utadhani mji mzima unahamia Moshi. Lakini kusafirisha watoto wanne kwenda na kurudi ni nauli nane, na si kila mtu ana bibi mwenye nguvu. Wenye uwezo kidogo huweka dada wa kazi. Naye ni mtoto wa mtu, anataka kwenda kwao sikukuu. Anaaga tarehe 15 kwamba atarudi tarehe 2, na wengi wenu mnajua kinachofuata.

Basi anayebaki ni mtoto mkubwa, tena mara nyingi wa kike. Ana miaka 8, 9 au 10. Anaachiwa ufunguo, ndoo, unga na mdogo wake.

Hapo ndipo tunapotaka kuwaeleza jambo lililotupata. Mwenzetu ambaye ni lake yumo humu ukumbini na ameturuhusu tuliseme. Lilitokea Desemba, siku ya kazi, yeye akiwa anasuka wateja. Nyumbani alimwacha binti wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 2. Maji yalikuwa yamekatika mtaani, na binti alitoka kwenda kupanga foleni ya ndoo kwa jirani mwenye kisima. Hakwenda mbali, mlango aliuona kutoka kwenye foleni. Nyuma ya mlango huo kulikuwa na chupa ya soda yenye mafuta ya taa. Siku hizi wengi wetu tuna mitungi midogo ya gesi, lakini mafuta ya taa bado tunanunua kidogo kidogo kwa kuwashia mkaa, na muuza duka huyatia katika chupa yoyote unayokwenda nayo. Mtoto alikuwa na kiu, na chupa ya soda anaijua.

Binti aliporudi alimkuta anakohoa, kifua chote kimelowa na kunuka. Akapiga kelele. Majirani walikuja wengi, kila mmoja na dawa yake. Mmoja ameshika kikombe cha maziwa, mwingine anasema atiwe kidole atapike. Mama mmoja aliyewahi kusomea huduma ya afya mtaani akawakataza wote wawili. Alimvua mtoto nguo zilizolowa, akamfuta, akapanda naye bodaboda mpaka hospitali. Mtoto alilazwa siku nne kwa sababu mapafu yaliingiwa na mafuta. Alipona. Mmeshamwona leo, ni yule aliyekuwa anavuta kamba ya spika.

Tusimame kidogo hapa, maana katika ukumbi huu wako watu ambao wangeleta yale maziwa. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Sumu hii huua zaidi kwa kuingia mapafuni, na anapotapika ndipo huingia. Mvue nguo zilizolowa, msafishe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima. Na nyumbani, usiweke kamwe mafuta ya taa, dawa ya kuoshea choo wala betri ya maji katika chupa ya kinywaji. Hilo halihitaji mfadhili.

Sasa tuseme kosa letu. Jumapili iliyofuata tulikutana kikundini, na yule mwenzetu hakuwepo, alikuwa wodini. Tulimsema. Tulisema mama gani anamwacha mtoto wa miaka 2 na mtoto wa miaka 9, tukasema tamaa ya fedha, tukasema na mengine ambayo hatutayarudia mbele ya wageni. Alikuwapo bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, alikaa kimya muda wote. Kisha akamgeukia aliyekuwa anasema kwa sauti kubwa, akamwuliza, "Mwanangu, na wako yuko na nani sasa hivi?" Akajibu, na dada yake. Yuko darasa la ngapi? La nne. Bibi akamwuliza wa pili, na wa tatu, akazunguka mkeka mzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu bora kuliko la yule tuliyekuwa tunamsema.

Na yule binti, hakuna aliyemwuliza kitu. Mama yake alitueleza baadaye kwamba alikataa kabisa kumshika mdogo wake, akawa kila asubuhi anauliza shule inafunguliwa lini. Watoto wengine huhesabu siku za kufunga.

Mwaka 2020 wote tuliliona jambo hili kwa ukubwa wake. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, na za msingi zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Miezi zaidi ya mitatu. Wakati ule ndipo wengi waligundua kwamba shule, pamoja na kusomesha, ndiyo inayowatunza watoto wa nchi nzima mama zao wakiwa kazini. Likizo ya Desemba ni jambo lile lile, fupi zaidi, na linarudi kila mwaka bila kumshangaza mtu.

Desemba iliyofuata baada ya yule mtoto kupona, tuliomba ukumbi huu tuliomo. Tulipewa wiki mbili, Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, kwa watoto wa miaka 2 hadi 6. Hatukuwa na fedha. Tulipanga zamu: kila siku akina mama watatu wanaacha kazi zao na kukaa na watoto wa wengine, hivyo kila mmoja alipoteza siku moja na kuokoa kadhaa. Tulitandika mikeka, tukaleta ndoo za maji yaliyochemshwa, tukapika uji. Bibi alisimulia hadithi mpaka sauti ikakauka.

Msidhani tulifanya vizuri. Siku ya kwanza tulikuwa tumepanga uji na michezo, na hatukuwa tumepanga mtu wa geti. Saa nne mtoto mmoja hayupo. Tulimkuta amesimama ukingoni mwa shimo la maji la parokia, ambalo mfuniko wake ulikuwa umevunjika zamani na kufunikwa kwa ubao. Tuliacha kila kitu, tukatafuta fundi siku ile ile. Kuanzia hapo mama mmoja wa zamu hana kazi nyingine ila kukaa getini na daftari: ameingia nani, ameletwa na nani, atachukuliwa na nani. Asiyeandikwa katika daftari hapewi mtoto hata kama ni mjomba wake wa kweli. Tulipata maneno mengi kwa ajili ya daftari lile, na tutaendelea nalo.

Wiki ya pili tuliwarudisha watoto wengine kwa sababu tulikuwa wachache. Waliokuja hawakuwa wa parokia yetu peke yao. Jirani zetu Waislamu walileta wao, na mama mmoja wao alikuwa wa kwanza kuja zamu na wa mwisho kuondoka. Halafu zikafika harusi za wiki ya Krismasi, ukumbi ukachukuliwa. Wiki ya kwanza ya Januari, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, watoto walirudi nyuma ya milango yao.

Tumejifunza pia kwamba si sisi wa kwanza kufikiri hivi. Bangladesh, nchi yenye mabwawa na mito kila upande, iligundulika kwamba watoto wadogo walikuwa wanazama zaidi nyakati za asubuhi na mchana, mama wakiwa katika shughuli, hatua chache tu kutoka nyumbani. Vijiji vikaanzisha vituo vidogo vya kuwakusanya watoto wa mwaka 1 hadi 5, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, chini ya mama mmoja aliyefundishwa na msaidizi wake. Vifo vya kuzama kwa watoto waliokuwa katika vituo hivyo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Shirika la Afya Duniani limeweka vituo vya namna hiyo katika njia linazozishauri nchi kuzuia kuzama. Hawakuchimba kitu wala kujenga ghorofa. Waliweka macho mahali ambapo hapakuwa na macho, katika saa ambazo mama hayupo.

Ndugu wajumbe wa kamati, tunakuja kwenye maombi yetu.

Ukumbi huu hukodishwa kwa harusi, na fedha yake inahitajika. Mweka hazina asitutazame vibaya. Harusi ni Jumamosi. Wapambaji hupenda kuja Ijumaa asubuhi, lakini wanaweza kuja Ijumaa saa tisa, watoto wakiwa wamekwisha ondoka. Tunaomba ufunguo wa Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia siku shule zinapofungwa mpaka zinapofunguliwa, pamoja na vyoo vya chekechea, ambavyo vinafaa watoto wadogo. Walimu wa chekechea hatuwaombi. Wamefundisha mwaka mzima, wana haki ya kupumzika.

Tunaomba pia kamati ituandikie barua kwa afisa ustawi wa jamii. Vituo vya kulelea watoto mchana viko chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na hata kama chetu ni cha wiki tano tunataka kijulikane na kikaguliwe. Mtoto wa mtu si mzigo wa kuweka stoo.

Akina baba mliopo, hatukuwasahau. Tunajua sheria ile ile ya kazi inawapa siku 3 tu mke anapojifungua, na kwamba wengi wenu ni wa bodaboda na vibarua. Zamu ya geti haihitaji kujua kupika uji.

Wafadhili wetu, kwenu tunalo neno moja la wazi, na tunaomba mlipokee kwa upendo. Kila Januari mnatuletea mikoba ya shule na madaftari. Inatusaidia sana. Mkoba ni mzuri, na unapendeza katika picha. Uji haupendezi katika picha. Lakini kilo moja ya unga hutoa lita nane hadi kumi za uji, yaani kikombe cha asubuhi kwa watoto 30. Tukipata unga wa wiki tano, sukari, sabuni, na posho ya walezi wawili wa kudumu ili mama wasipoteze siku zao za mavuno, mama mwenyewe atanunua madaftari Januari. Tunaomba sehemu ya fedha ya mikoba ihamishwe, ifike Novemba. Unga tutaununua wenyewe na kuukagua, kwa sababu hatujasahau watu waliokufa Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa mahindi yenye sumukuvu. Karanga hatutatia kama hatujui zilikauka vipi.

Wapo watakaosema tunawafundisha akina mama kuwaacha watoto wao. Tumelisikia hilo, hata kutoka kwa watu tunaowaheshimu. Tunawaomba wafike kwenye geti letu saa nane mchana, wamtazame yule wa samaki anavyokuja kuwachukua wawili wake wadogo akiwa bado na magamba mikononi, amewakimbilia katikati ya kazi. Wakishaona, waje tuzungumze.

Yule binti wa miaka 9 sasa ni mkubwa zaidi, na Desemba ile ya ukumbi alikuja kila siku ingawa umri wake ulikuwa umepita. Hatukumwandika katika daftari la watoto. Alikuwa anafua vikombe, na hakuna aliyemtuma. Siku ya tatu alimbeba mdogo wake kumpeleka kunawa.

Ufunguo tunauhitaji kabla ya Ijumaa ya kufunga shule. Katibu wa kikundi chetu amekaa pale nyuma karibu na mlango, ana orodha ya zamu, na nafasi za geti bado ziko wazi.